LibreOffice Ofisini: Namna ya Kuipanga Hadi Watu Waache Kuikwepa

Ofisi ndogo inapowekewa LibreOffice, programu huria ya kuandika barua na kutengeneza majedwali, iwe ya mtendaji wa kata kule Bahi, ya AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa zabibu au steshenari ya jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), sababu huwa moja: haina ada ya leseni. Kisha malalamiko yanaanza. Barua iliyotoka halmashauri imefunguka ikiwa imevurugika. Tarehe zimegeuka. Printa inawaka taa na kukataa karatasi. Menyu imepotea. Mwisho karani anaomba arudishiwe ile programu ya zamani, hata kama ilikuwa ya wizi.

Sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na ubovu wa programu. Inatokana na mipangilio iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, ambayo haikumlenga mtu anayeandika Kiswahili, anayehesabu kwa shilingi na anayechapa kwenye A4. Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa mashine: afisa TEHAMA, fundi, au karani anayejua kompyuta kuliko wenzake. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini. Hatua zinafaa toleo la 7.2 na kuendelea; usishangae ukiona namba kama 24.2, kwani tangu mwaka 2024 matoleo hupewa namba za mwaka na mwezi. La kwako liko Help > About.

Hatua ya 1: Tazama kazi kwanza, mashine baadaye

Usianze na kubadilisha vitufe. Keti pembeni ya mtumiaji akifanya kazi yake ya kweli: barua ya kuitisha kikao, orodha ya wanachama, risiti, muhtasari. Usimsaidie. Andika mambo matatu tu: anataka kufanya nini, anabofya wapi kwanza, na anakwama wapi. Mtu akibofya mahali pasipo sahihi, hapo ndipo alipotegemea kitu kiwepo, na hiyo ni taarifa muhimu kuliko maoni atakayokupa ukimuuliza "unaionaje programu?" Ukimuuliza hivyo atakujibu "iko vizuri tu", kwa heshima.

Fanya hivyo kwa watu watatu hadi watano wenye kazi tofauti. Ofisi ya kawaida itakupa kazi tano au sita zinazojirudia kila wiki. Hizo ndizo utakazozirahisishia njia. Mengine yote yaache yalivyo.

Hatua ya 2: Fonti, chanzo cha barua "kuvurugika"

Faili la Word likifunguka na mistari imesogea, sahihi ya mkurugenzi imerukia ukurasa wa pili na jedwali limekatika, mara nyingi mtuhumiwa ni fonti. Mashine isiyo na fonti iliyotumika huweka nyingine badala yake, na herufi zenye upana tofauti husukuma maneno hadi mstari wa chini.

LibreOffice inayopakuliwa kutoka kwa wenyewe, The Document Foundation, huja na fonti zenye upana sawa na zile maarufu:

- Carlito inashika nafasi ya Calibri
- Caladea inashika nafasi ya Cambria
- Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman
- Liberation Sans inashika nafasi ya Arial

Kwenye Ubuntu au Debian, LibreOffice ya mfumo wenyewe inaweza kukosa mbili za kwanza. Ziweke kwa kusakinisha vifurushi fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, kisha funga LibreOffice na kuifungua upya.

Tatizo jipya ni Aptos, fonti ambayo Microsoft ilianza kuitumia kama ya kawaida mwaka 2023. Hiyo haina pacha wa upana sawa. Unaweza kwenda Tools > Options > LibreOffice > Fonts, uweke alama kwenye "Apply replacement table", uandike Aptos upande wa kushoto na Carlito kulia, kisha uweke alama kwenye "Always". Maandishi yatasomeka vizuri, lakini mistari bado inaweza kusogea kidogo. Kama mnapokea nyaraka nyingi kutoka ofisi moja, suluhisho la kudumu ni kuwaomba watume kwa Times New Roman au Arial.

Barua iliyokamilika na isiyohitaji kuhaririwa haipaswi kusafiri kama faili la Word hata kidogo. Itoe PDF kwa File > Export As > Export Directly as PDF. Kuna chaguo moja zuri ambalo wengi hawalijui: ukipitia Export as PDF (lile lenye dirisha), weka alama kwenye "Hybrid PDF (embed ODF file)". Mpokeaji ataona PDF ya kawaida, nawe ukiifungua kwa LibreOffice utaihariri kama waraka wa kawaida. Inafaa sana kwa ofisi ambazo hupoteza nakala za asili.

Hatua ya 3: Amua mafaili yahifadhiwe kwa muundo gani

Nenda Tools > Options > Load/Save > General. Chini utaona "Document type" na "Always save as". Kwa Text document chagua Word 2010–365 (.docx) kama ofisi inabadilishana barua na wengine kila siku. Kisha ondoa alama kwenye "Warn when not saving in ODF or default format". Lile dirisha linalouliza "Keep Current Format?" huwatisha watu kila wanapohifadhi, na wengi hubofya bila kusoma.

Kwa majedwali tunashauri kinyume. Daftari la fedha au orodha ya wanachama inayokaa ofisini humo humo ibaki .ods, muundo wa majedwali wa LibreOffice wenyewe. Kila faili linapopita kutoka muundo mmoja kwenda mwingine kuna kitu kinaweza kubadilika: rangi za masharti, ukaguzi wa data, mipaka ya kuchapa. Nakala ya .xlsx itolewe pale tu mkaguzi au benki anapoiomba.

Hatua ya 4: Lugha, tarehe, shilingi na karatasi

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Fungua Tools > Options > Language Settings > Languages (matoleo mapya huiita Languages and Locales > General). Ukiona "Locale setting" (mpangilio wa lugha na nchi) imeandikwa English (USA), umepata mzizi wa shida kadhaa kwa mpigo. Badilisha iwe Swahili (Tanzania), kisha:

1. Default currency: chagua TZS.
2. Date acceptance patterns: hakikisha inaanza na D/M/Y; ongeza D/M ikiwa haipo, ili 5/3 isomwe kama tarehe tano Machi.
3. Default languages for documents, Western: Swahili (Tanzania).
4. Kwenye LibreOffice Writer > General, Measurement unit iwe Centimeter.

Kwa mpangilio wa Kimarekani, tarehe 04/03/2025 husomwa Aprili tatu, na ukurasa mpya huwa wa Letter, yaani sentimita 21.59 kwa 27.94, badala ya A4 yenye 21 kwa 29.7. Ndiyo maana printa huwaka taa na kungoja karatasi ambayo hakuna duka Dodoma linaiuza. Kubadili locale hakurekebishi mafaili ya zamani, kwani kila waraka hubeba ukubwa wake wa karatasi. Kwa hayo nenda Format > Page Style > Page, uchague A4.

Lugha ya waraka ikiwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, na mtu huzoea kuupuuza kabisa, hata pale anapokosea kweli. Kamusi ya Kiswahili ipo kwenye LibreOffice. Kama jina la lugha halina alama ndogo ya tiki pembeni yake, kamusi haikusakinishwa: endesha tena kisakinishi, chagua Custom, fungua Optional Components kisha Dictionaries. Kamusi hiyo si kubwa na maneno mengi halali yatakosekana, hasa majina ya mahali. Bofya kulia juu ya neno, Add to Dictionary. Tenga nusu saa uingize Mpwapwa, Chamwino, Kibaigwa, Hombolo, Ihumwa, Mtumba na majina ya vijiji vyenu.

Kisha fungua Tools > AutoCorrect Options. Juu kabisa chagua lugha iwe Swahili (Tanzania), maana kila lugha ina orodha yake. Kwenye kichupo cha Exceptions, sehemu ya vifupisho, ongeza: Kumb., Na., Bw., Bi., Mh., Dkt., n.k., k.m., uk. Bila hivyo programu huona nukta, ikadhani sentensi imeisha, ikaweka herufi kubwa kwenye neno linalofuata. Kwenye kichupo cha Replace weka njia za mkato: jmt iwe "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", hjd iwe "Halmashauri ya Jiji la Dodoma". Chagua herufi ambazo si neno. Ukiweka "kata" kama mkato wa "Ofisi ya Mtendaji wa Kata", siku hiyo hiyo utaitwa.

Kuhusu menyu zenyewe kuwa za Kiswahili: kazi ya kutafsiri ilianza zamani, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Tafsiri ya Kiswahili (Tanzania) ya LibreOffice ipo, lakini haijakamilika, hivyo dirisha huchanganya lugha mbili. Kwa ofisi yenye watu waliozoea "Save" na "Print", tunashauri menyu zibaki Kiingereza na nyaraka ziwe Kiswahili. Mtu mpya kabisa aonyeshwe zote mbili, achague mwenyewe.

Hatua ya 5: Sura ya dirisha

Aliyezoea Microsoft Office ya 2007 na kuendelea hutafuta vichupo juu. LibreOffice inavyo: View > User Interface, chagua Tabbed, kisha Apply to All. Kwenye kompyuta mpakato za skrini fupi ya 1366 kwa 768, Tabbed hula nafasi ya kuandikia. Hapo Tabbed Compact ni bora. Waonye watu jambo moja: ukichagua vichupo, menyu ya kawaida hujificha. Kitufe cha kuirudisha kiko juu kushoto. Bila onyo hilo, utapigiwa simu.

Aliyejifunza kwenye menyu za zamani mwache na Standard Toolbar. Kulazimisha ofisi nzima iwe na sura moja ni usumbufu usio na faida, isipokuwa pale mashine moja inapotumiwa na watu kadhaa.

Kwenye Standard Toolbar punguza vitufe. Bofya kulia juu ya mstari wa vitufe, Visible Buttons, uondoe alama kwa vile visivyotumika katika kazi ulizoziorodhesha Hatua ya 1. Usiguse Export Directly as PDF, Undo wala Print. Aikoni zikiwa ndogo kwa macho ya wazee wa ofisi, Tools > Options > LibreOffice > View, weka Toolbar iwe Large.

Fundisha mtumiaji mkato mmoja tu wa kibodi, nao ni Shift+Esc. Hufungua kisanduku cha kutafuta amri: andika "margin" au "page number" na kitu kinatokea popote kilipojificha.

Lile neno linalojimalizia lenyewe mtu anapoandika, kama limewashwa, lizime: Tools > AutoCorrect Options > Word Completion, ondoa alama kwenye "Enable word completion". Kiswahili chenye viambishi vingi hukifanya kipengele hiki kiwe kero. Mtu anataka kuandika "mkutano", akibonyeza Enter anapewa "mkutanoni".

Hatua ya 6: Violezo vya barua

Karani wengi hufungua barua ya zamani, wakafuta na kuandika juu yake. Matokeo yake ni barua ya Machi yenye kumbukumbu namba ya Januari, au jina la mpokeaji wa mwanzo lililobaki aya ya mwisho. Kiolezo kinaondoa hatari hiyo.

Tengeneza waraka mpya. Kichwa cha barua kikae kwenye header ya ukurasa wa kwanza tu: Format > Page Style > Header, washa header kisha ondoa alama kwenye "Same content on first page". Nembo, jina la ofisi, S.L.P. na simu viende hapo. Kurasa zinazofuata ziwe na namba ya ukurasa peke yake, chini.

Sehemu za kujaza zisiwe nukta nukta. Tumia Insert > Field > More Fields > Functions > Placeholder, aina ya Text, uandike "Andika jina la mpokeaji". Mtumiaji anabofya, anaandika, maelekezo yanapotea yenyewe. Weka placeholder kwa Kumb. Na., tarehe, mpokeaji, YAH: na jina la anayesaini.

Tarehe nayo iwe placeholder, isiwe tarehe ya kujibadilisha. Sehemu ya Date isiyofungwa husasishwa kila faili linapofunguliwa, kwa hiyo barua ya mwaka jana ikichapwa leo itatoka na tarehe ya leo. Mkaguzi akikuta hilo kwenye jalada, maelezo yake ni marefu.

Ukimaliza: File > Templates > Save as Template, chagua kundi la My Templates, ipe jina linaloeleweka, mfano "Barua ya nje" au "Muhtasari wa kikao". Mtumiaji ataipata kwa Ctrl+Shift+N. Inayotumika kuliko zote bofya kulia, Set as Default, na kila waraka mpya utaanzia hapo.

Hatua ya 7: Majedwali yasiyoharibu namba

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Calc, sehemu ya majedwali ya LibreOffice, kama ilivyo Excel, hutunza kwa uhakika takriban tarakimu 15 tu za namba moja. Ukiiandika bila vistari kwenye seli ya kawaida, itageuka kitu kama 1.98E+19 na tarakimu za mwisho zitakuwa zimepotea. Kubadili muundo wa seli baadaye hakuzirudishi. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuandika chochote, chagua safu nzima, Format > Cells > Numbers > Text.

Kisha weka mlinzi. Chagua safu ya NIDA, Data > Validity, Allow iwe Text length, Data iwe equal, thamani 20 (au 23 mkiamua kuandika na vistari vyake vitatu). Kwenye kichupo cha Error Alert chagua Stop na uandike ujumbe kwa Kiswahili: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Hesabu tena." Ujumbe wa kosa unaoeleza la kufanya hupunguza simu za msaada kuliko mafunzo ya siku nzima. Kwa safu kama kijiji au aina ya zao, Allow iwe List na uorodheshe majina. Hapo hutakuta "Kibaigwa", "kibaigwa" na "Kibaigwa " yenye nafasi nyuma yakihesabiwa kuwa vijiji vitatu.

Mafaili ya CSV (data ya maandishi matupu iliyotenganishwa kwa mikato) kutoka benki au mitandao ya simu yana mtego wake. Mpangilio ukiwa wa Kimarekani na "Detect special numbers" ikiwa imewashwa wakati wa kufungua faili, 05/06/2025 huingia kama Mei sita, na 13/06/2025 hukataliwa ikabaki maandishi. Safu moja inakuwa na tarehe zilizogeuzwa zikichanganyika na maandishi, na ukipanga kwa tarehe kila kitu kinavurugika. Faili linapofunguka utaona dirisha la Text Import: bofya kichwa cha safu ya tarehe pale chini, Column type iwe Date (DMY), bofya safu za simu na akaunti, ziwe Text. Kujua kama kosa limeshatokea, bonyeza Ctrl+F8: maandishi huwa meusi, namba na tarehe za kweli huwa buluu, fomula huwa kijani. Zilizobaki maandishi unaweza kuziokoa kwa Data > Text to Columns, lakini zilizogeuzwa hutazitofautisha na zilizo sahihi. Rudi kwenye faili la asili uliingize upya.

Fomula zikidai nukta-mkato badala ya mkato, Tools > Options > LibreOffice Calc > Formula, sehemu ya Separators, kwenye Function weka mkato. Waliojifunza Excel watashukuru.

Daftari la mapokezi ya mazao, lenye tarehe, namba ya risiti, jina, kilo, bei na jumla, lifungwe hivi: chagua seli za kujaza, Format > Cells > Cell Protection, ondoa alama kwenye Protected, kisha Tools > Protect Sheet. Acha nywila wazi. Lengo ni kuzuia mtu kufuta fomula ya jumla kwa bahati mbaya, si kuzuia wizi, na nywila iliyosahaulika huleta shida kubwa kuliko fomula iliyofutwa.

Kuchapa: Format > Page Style, weka Landscape, kwenye kichupo cha Sheet, Scaling mode iwe "Fit print range(s) to width/height", upana 1 na urefu wazi. Kisha Format > Print Ranges > Edit, kwenye Rows to repeat weka $1 ili vichwa vya safu vijirudie kila ukurasa. Bila mambo haya mawili, safu ya "Jumla" huchapwa peke yake kwenye karatasi ya pili.

Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Tools > Options > Load/Save > General: washa "Save AutoRecovery information" na upunguze dakika kutoka 10 hadi 3, kisha washa "Always create backup copy". Kwenye mashine za diski ya zamani usishuke chini ya dakika 3, maana faili kubwa litakuwa linagandisha skrini kila mara.

Waeleze watumiaji dirisha la Document Recovery kabla halijawatokea. Umeme ukirudi, LibreOffice itauliza kama irejeshe. Jibu ni Recover. Anayebofya Discard ili "kufunga hiki kitu" anatupa kazi yake mwenyewe.

Flashi: nakili faili kwenye kompyuta, fanyia kazi huko, kisha rudisha. Ukichomoa flashi faili likiwa wazi, hubaki faili dogo lililofichwa, jina lake likianza na .~lock, na mwingine akifungua ataambiwa waraka unatumika. Hakikisha kwanza hakuna aliyelifungua kweli kwenye mtandao wa ofisi, ndipo ulifute hilo dogo.

Mashine ikiwa nzito kuwasha programu, ondoa alama kwenye "Use a Java runtime environment" chini ya LibreOffice > Advanced. Wanaotumia Base, sehemu ya hifadhidata ya LibreOffice, wasifanye hivi. Skrini ikionyesha vipande vyeusi au maandishi yanayochezacheza, washa "Force Skia software rendering" chini ya LibreOffice > View.

Hatua ya 9: Peleka mipangilio kwenye mashine nyingine

Usirudie hatua nane kwa kila kompyuta. Mipangilio yote, violezo, kamusi yenu na AutoCorrect hukaa kwenye folda moja. Windows: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\LibreOffice\4, utaona folda "user". Kwenye Linux ni ~/.config/libreoffice/4/user, ingawa LibreOffice iliyosakinishwa kwa njia ya Snap au Flatpak huweka mahali pake. Usibabaike na hiyo 4; haibadiliki hata toleo likiwa jipya.

1. Kwenye mashine ya mfano futa jina lako: Tools > Options > LibreOffice > User Data.
2. Futa orodha ya mafaili ya karibuni: File > Recent Documents > Clear List. La sivyo, wenzako wataona ulichokuwa unafungua.
3. Funga LibreOffice yote, pamoja na Quickstarter kwenye kona ya chini kulia kama ipo.
4. Nakili folda "user" kwenye flashi.
5. Kwenye mashine nyingine ipe folda iliyopo jina "user-zamani", kisha bandika mpya.

Mashine zote ziwe na toleo moja au yanayokaribiana. Kitu kikiharibika, Help > Restart in Safe Mode hukupa njia ya kurudisha, na ile "user-zamani" ipo bado.

Hatua ya 10: Jaribu tena, kisha peleka taarifa

Baada ya wiki mbili rudi kwa watu wale wale wa Hatua ya 1, kazi zile zile, na ukae kimya vile vile. Palipobaki pagumu licha ya mipangilio huenda ni kasoro ya programu yenyewe, na hapo ndipo programu huria inapotofautiana na nyingine: unaweza kuwafikia wanaoitengeneza. Fungua akaunti bugs.documentfoundation.org, tafuta kwanza kama suala limesharipotiwa, kisha andika hatua kwa hatua ulichofanya, ulichotegemea na kilichotokea. Dirisha la Help > About lina kitufe cha kunakili taarifa za toleo, zibandike zote. "Haifanyi kazi vizuri" haitashughulikiwa. "Nikibofya A kisha B, C inapotea" itashughulikiwa. Kasoro za maneno ya Kiswahili kwenye menyu hurekebishwa kwingine, translations.documentfoundation.org, na huko huhitaji kujua kuandika programu.

Ambatanisha faili dogo la mfano linaloonyesha kasoro. Kiambatisho kikishapanda huonekana na dunia nzima, kwa hiyo orodha halisi ya wanachama yenye simu na namba za NIDA haipandi. Tengeneza jipya lenye mistari mitatu ya majina ya kubuni, uhakikishe kasoro inatokea humo pia, ndipo ulitume.